Matibabu ya Mzizi wa Jino: Kutambua Haja Yake na Kujua Kinachofuata

Miongoni mwa huduma ambazo mtumiaji huziamua kwa haraka, tena akiwa katika hali isiyomruhusu kufikiri vyema, ni huduma ya jino linalouma. Mtu hukesha usiku kucha akishika shavu, na alfajiri ifikapo hana tena subira ya kuuliza bei, kulinganisha vituo wala kusikiliza maelezo. Neno lililo kinywani mwake ni moja tu: ling'olewe. Wengine huamka asubuhi maumivu yametoweka, wakashukuru na kuendelea na shughuli zao, wasijue kwamba ugonjwa haujaondoka bali umehamia mahali pasipouma.

Katika somo hili tunaeleza dalili zinazoonyesha kwamba jino linahitaji matibabu ya mzizi, ambayo katika baadhi ya vituo utasikia yakiitwa ruti kanali. Tunaeleza pia hatua za matibabu hayo na mambo ambayo mtumiaji ana haki ya kuyajua kabla ya kukubali kutibiwa au kung'olewa. Hatukusudii kumgeuza msomaji kuwa daktari. Tunakusudia aingie chumba cha daktari akijua anachokwenda kuuliza.

Jino lina nini ndani yake

Jino kwa nje ni gumu kama jiwe, lakini ni kiungo kilicho hai. Tabaka la juu, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake lipo tabaka la dentini, lenye vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani kabisa kipo kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho huteremka hadi ncha ya mzizi kupitia njia nyembamba ziitwazo mifereji. Meno ya mbele kwa kawaida huwa na mfereji mmoja. Magego mara nyingi huwa na mitatu au minne. Msomaji aishike tofauti hiyo, kwa kuwa ina uzito katika muda na gharama za matibabu.

Jino huoza pale bakteria wa kinywani wanapokula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa asidi inayomomonyoa enameli. Ni ugonjwa ulioenea mno: Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza. Tundu likiwa bado kwenye enameli au dentini, kuziba kwa kawaida kunatosha. Likifika kwenye kiini, mambo hubadilika. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini kikivimba hakina pa kutanukia, kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Shinikizo hilo ndilo linalomkosesha mtu usingizi. Kiini huweza pia kudhurika pasipo kuoza, kwa mfano jino likipasuka au likipigwa kwa nguvu katika ajali au mchezo.

Wapo wanaosema kwamba jino linaloza huwa limeingiwa na mdudu. Hakuna mdudu wa namna hiyo. Kiini kinapotolewa huweza kuonekana kama uzi mwembamba mwekundu au wa kijivu. Huo ni mwili wa jino lenyewe.

Dalili zinazopaswa kukushughulisha

Dalili moja pekee haitoshi kutoa hukumu, lakini kila moja kati ya hizi ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari wa kinywa na meno:

1. Maumivu yanayobaki baada ya kunywa kitu cha baridi au cha moto. Jino likishtuka kwa maji baridi na kutulia papo hapo, huenda kiini bado ni kizima. Maumivu yakiendelea kwa nusu dakika au zaidi baada ya maji kumezwa, yaelekea kiini kimeanza kushindwa.

2. Maumivu yanayoanza yenyewe bila kula wala kunywa, hasa usiku unapolala. Kichwa kikiwa chini, damu na shinikizo huongezeka kichwani, na jino hupwita.

3. Jino linaloamshwa na chai ya moto na kutulizwa na maji baridi. Wagonjwa wengi hufika kliniki wakiwa na chupa ya maji baridi mkononi. Hiyo ni dalili ya kiini kilicho katika hatua za mwisho.

4. Maumivu unapotafuna au unapoligonga jino kwa kidole, kana kwamba limekuwa refu kuliko mengine.

5. Kipele kwenye ufizi, karibu na jino, kinachotoa usaha au ladha mbaya, kikapona kisha kikarudi. Hicho ni mlango ambao usaha wa kwenye mfupa umejitoboa ili utoke.

6. Jino moja kugeuka rangi na kuwa la kijivu au la kahawia iliyoiva, hasa baada ya kugongwa, hata kama tukio lenyewe lilipita miaka mingi nyuma.

Maumivu yanapokoma

Hapa ndipo watumiaji wengi hupotea, nasi tunamwomba msomaji atulie kidogo.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani ambaye gego lake la chini limemuuma kwa wiki nzima. Ananunua dawa ya kutuliza maumivu dukani, kisha vidonge vichache vya kuua bakteria bila cheti cha daktari. Siku ya nane maumivu yanakoma kabisa. Fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya jino anaipeleka kwenye ada ya shule ya mtoto, na ni nani atakayemlaumu? Miezi mitano baadaye shavu linavimba ghafla, analazwa hospitali, kazi za wateja zinabaki zimekunjwa, na jino ambalo lingeweza kuokolewa huenda sasa haliwezekani tena.

Ni nini kilichotokea? Mishipa ya fahamu ndani ya kiini ilikufa, na kitu kilichokufa hakilii. Bakteria, hata hivyo, waliendelea kuishi ndani ya mifereji, wakatoka kupitia ncha ya mzizi na kuushambulia mfupa wa taya polepole. Katika picha ya eksirei hali hiyo huonekana kama kivuli cheusi chini ya mzizi, nayo huweza kudumu miezi au miaka bila kuuma. Kwa hiyo jino lililouma sana kisha likanyamaza bila kutibiwa lisihesabiwe kuwa limepona.

Kuhusu dawa za kuua bakteria, mtumiaji afahamu jambo moja la msingi: dawa hizo husafiri kwa njia ya damu. Kiini kilichokufa hakina damu inayopita. Basi dawa haiwafikii bakteria walio ndani ya mifereji. Daktari huziandika pale maambukizi yanapokuwa yameenea nje ya jino, kukiwa na uvimbe au homa, na hata hapo chanzo lazima kiondolewe. Kuzinunua kiholela ni kutupa fedha na kuwazoesha bakteria kustahimili dawa.

Mafuta ya karafuu yana kiambata kiitwacho eujeno, ambacho kweli hutia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe hukitumia katika baadhi ya dawa za kuzibia kwa muda. Hata hivyo hutuliza tu, hayatibu. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa kuwa kitauunguza. Petroli na maji ya betri yasiingizwe kinywani kwa hali yoyote.

Si kila maumivu ni ya mzizi

Haki ya mtumiaji ni pamoja na kutotibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Jino huweza kuuma kwa sababu ufizi umeshuka na dentini imebaki wazi, chakula kimekwama kati ya meno, gego la mwisho linaota vibaya, au uwazi wa mfupa wa uso ulio juu ya magego ya juu umevimba kutokana na mafua. Ndiyo maana daktari makini hatangazi matibabu ya mzizi kwa kutazama tu. Ataligusa jino kwa kitu cha baridi, atalilinganisha na meno ya jirani, ataligonga taratibu, atapima ufizi, kisha ataagiza picha. Ukiambiwa kwamba mzizi wako utatibiwa bila picha ya eksirei, uliza kwa heshima ni kwa nini.

Hali zisizosubiri

Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka chini ya taya na shingoni, kukiwa na homa, kushindwa kufungua kinywa, ugumu wa kumeza au wa kupumua, nenda hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane. Maambukizi ya jino yakiingia shingoni huweza kuziba njia ya hewa na kuua. Usingoje siku ya kliniki, wala usikande uvimbe kwa maji ya moto.

Kinachofanyika katika kiti cha daktari

Matibabu ya mzizi humalizika kwa hudhurio moja hadi matatu, kutegemea jino na ukali wa maambukizi, na kila hudhurio laweza kuchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, utachomwa sindano ya ganzi. Wengi huogopa matibabu haya kwa sifa mbaya walizozisikia, lakini ganzi ikishika vyema, utahisi kusukumwa na kutetemeshwa, si kuumizwa. Jino lililowaka sana huweza kuikataa ganzi ya mara ya kwanza. Ikitokea hivyo, inua mkono na useme. Daktari anaweza kuongeza au kubadili mbinu. Kuvumilia kimya hakuna faida kwako wala kwake.

Pili, daktari hutandika kipande chembamba cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie kwenye mifereji na vifaa vidogo au dawa visiteleze kooni. Si kila kituo kina mpira huo, lakini kuulizia kama upo ni swali la haki.

Tatu, hutoboa njia juu ya jino, hukitoa kiini, hupima urefu wa kila mfereji, kisha huisafisha mifereji kwa vijitupa vyembamba mno huku akiiosha kwa dawa yenye klorini. Hatua hii ndiyo roho ya matibabu. Mfereji mmoja ukisahaulika, ugonjwa utarudi.

Nne, mifereji ikiwa safi na mikavu, huzibwa kwa gataperka, aina ya utomvu wa mti unaofanana na mpira, na picha nyingine hupigwa kuhakikisha kwamba kizibo kimefika karibu na ncha ya mzizi. Ikiwa utapangiwa hudhurio jingine, jino huwekewa dawa na kizibo cha muda.

Kizibo cha muda hakikujengwa kudumu. Mtu anayeridhika nacho kwa sababu hasikii tena maumivu huyapoteza matibabu yote: kizibo huvuja, bakteria hurudi, na fedha iliyolipwa hupotea. Kamilisha hudhurio zote.

Siku na miezi inayofuata

Ganzi hudumu kwa saa kadhaa. Usile mpaka iishe, usije ukajing'ata ulimi au shavu. Kwa siku chache jino laweza kuuma unapotafuna, na dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu hutosha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito asinywe diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, uvimbe ukitokea au kizibo kikitoka, rudi kituoni.

Jino lililotibiwa mzizi, hasa gego, limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake na huweza kupasuka. Kwa sababu hiyo mara nyingi hufunikwa kwa taji, yaani kofia imara inayolizunguka lote. Mpaka lipate kizibo cha kudumu au taji, usilitafunie mifupa, miwa wala mahindi ya kuchoma. Daktari huweza kukuita tena baada ya miezi kadhaa ili picha ionyeshe kama mfupa unajijenga upya.

Kutibu au kung'oa

Hatusemi kwamba kung'oa ni kosa. Jino lililopasuka mpaka kwenye mzizi, lililobaki kisiki kisichoweza kushika kizibo, au lililopoteza mfupa unaolishikilia, mara nyingi haliokoleki. Yupo pia mtumiaji ambaye uwezo wake, au umbali wa kituo chenye huduma hiyo, unamlazimisha kung'oa, na uamuzi huo unastahili heshima.

Tunachosisitiza ni kwamba bei ya kung'oa haiishii siku ile. Pengo likiachwa, meno ya jirani huweza kuinama kuelekea humo, na la upande wa pili likaota kupita kiasi kwa kukosa mwenzake. Jino bandia nalo lina gharama yake. Mlinganisho wa haki ni kati ya gharama yote ya kuliokoa jino na gharama yote ya kulipoteza. Na kung'oa hakurudishwi nyuma. Jino lililotibiwa leo laweza kung'olewa kesho likishindikana, lakini lililong'olewa limekwenda.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Kabla ya kukaa kwenye kiti, mtumiaji ana haki ya kupata majibu ya maswali haya kwa lugha anayoielewa:

1. Vipimo vimeonyesha nini, na naweza kuiona picha?
2. Zipo njia gani nyingine, na nini kitatokea nisipofanya lolote?
3. Jino hili lina mifereji mingapi, na nitahudhuria mara ngapi?
4. Gharama yote ni kiasi gani? Je, imejumuisha picha, kizibo cha kudumu na taji, au ni kusafisha mzizi pekee?
5. Bima yangu inalipia hatua zipi? Thibitisha kabla ya kuanza, si baada ya kutibiwa.
6. Matibabu yakishindikana, utaratibu wenu ni upi?
7. Vifaa vimetakaswa vipi? Sindano na glovu ziwe mpya, na vifaa vingine vitolewe kwenye mfuko uliofungwa.

Nawe umweleze daktari bila kuficha ikiwa una kisukari, shinikizo la damu, tatizo la valvu za moyo, ujauzito, mzio wa penisilini, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hakikisha pia anayekutibu ana sifa. Kwa Tanzania Bara, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mtumiaji anaruhusiwa kuuliza usajili wa anayemhudumia. Fundi anayetengeneza meno bandia ana kazi yake ya heshima, lakini kutibu mizizi si kazi yake. Anayekutangazia huduma hiyo nyumbani kwake au sokoni anakuhatarisha. Katika vituo vya umma, lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo uliyopewa, wala usimpe mtumishi fedha mkononi. Kokote ulipotibiwa, dai stakabadhi na uitunze pamoja na picha zako. Ukihama mji au ukitaka maoni ya daktari wa pili, kumbukumbu hizo zitakuokolea muda na gharama, na ukiwa na malalamiko, ndizo zitakazokuwa ushahidi wako.

Zoezi la somo hili

Leo usiku, kabla ya kulala, simama mbele ya kioo penye mwanga mzuri. Kumbuka kama lipo jino lililowahi kukuuma kwa siku kadhaa kisha likanyamaza bila daktari kuligusa. Litazame: je, rangi yake ni sawa na ya jirani zake? Vuta shavu na utazame ufizi wake: je, pana kipele au alama ya kipele? Gonga kwa kidole jino hilo na la pembeni yake, ulinganishe. Wafanyie hivyo na watu wa nyumbani mwako, wakiwamo wazee ambao hawapendi kusema wanapoumwa. Ukiona tofauti, panga siku ya kumwona daktari wa kinywa na meno wiki hii, wakati ambapo bado unaweza kuuliza bei, kusikiliza maelezo na kuchagua.